Asilimia Kumi ya Ndovu

Wakesho mwanangu,

Mambo ya kufunga mlango, kutotembea na simu mkononi na kula kabla ya kutoka, baba yako ameyaandaa. Nimemsikia jikoni akiyafanyia mazoezi. Mimi nimekuja huku kiwandani nikuandikie lile tuliloshindwa kumaliza mezani mchana. Niliondoka sahani haijaisha kwa sababu nilijua nikibaki tutaagana vibaya, na treni ya asubuhi haingoji watu wapatane.

Nimekalia ndoo ya asali, ile yenye mfuniko uliopasuka. Vijana wa kuchuja wameenda zao, mlango uko wazi, na joto la Voi unalijua, limeingia likaketi nami.

Unaondoka ukiamini kwamba kesho, wale wa Mombasa wakifika, nitatia sahihi na kampuni itakuwa yao. Siuzi. Nimelisema mapema ili usisome barua nzima ukilitafuta. Lakini nipe nafasi nieleze, kwa sababu kazi unayoiendea Nairobi ni hiyohiyo ya kuwaambia watu kampuni zao zina thamani gani, na sitaki upande treni ukidhani mama yako amekataa kwa kuwa hesabu imempita. Nilikuwa karani wa hesabu katika shamba la mkonge kabla hujazaliwa. Hesabu haijanipita. Imenichoma tu.

Pesa inayobaki wewe unaiita mtiririko wa pesa huru. Jina zuri, lina shati na tai. Hapa nyumbani tangu zamani tunaiita pesa iliyolala. Unakumbuka baba yako, akiwa bado kwenye kazi ya reli, akifika jioni kitu cha kwanza ni kuuliza, "Leo imelala ngapi?" Hakuuliza nimeuza ngapi. Hakuuliza faida. Alitaka kujua, baada ya kuwalipa wakulima, vijana, chupa, stima na ushuru, na baada ya kutenga ya mashine, ni pesa ngapi imebaki ya kulala ndani ya nyumba bila mtu kuja kuigongea mlango. Nilikuwa naona ananikera. Nilikuwa nataka aniulize faida, kwa sababu faida ndiyo niliyokuwa nayo.

Ule mwaka wa sofa, ulikuwa darasa la sita. Sofa za kijani, ambazo mpaka leo tunazikalia kwa adabu. Nilinunua zile sofa kwa faida. Karatasi yangu ilikuwa safi kabisa: niliyouza, ukatoa niliyotumia, baki nono. Nilichosahau ni kwamba nusu ya hiyo faida ilikuwa kwenye hoteli zilizokuwa zimechukua asali na kusema watalipa mwisho wa mwezi, bila kusema ni mwezi gani. Sehemu nyingine ilikuwa kwenye mapipa, asali ambayo ilikuwa haijauzwa. Na nyingine nilikuwa nimeshainunulia mashine ya kukamua masega, ambayo kwenye ile karatasi yangu ilionekana kama kijigharama kidogo cha kila mwaka, ilhali pesa yenyewe ilitoka yote siku moja. Msimu ukafunguka. Wakulima wa Kasigau wakaja na ndoo zimejaa, na mimi nimekaa kwenye sofa za kijani bila pesa ya kununua ndoo hata moja. Wakawauzia madalali wa barabarani. Walinipita hapo mlangoni wakinisalimia vizuri sana, na hiyo salamu iliniuma kuliko matusi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa pesa iliyolala. Kwa hivyo ulipokaa nami wiki jana na kompyuta yako, ukaniambia, "Mama, faida weka kando, tuangalie pesa," nilitaka nikukumbatie. Nilijizuia kwa sababu ungenicheka.

Tukapata laki sita kwa mwaka. Ndiyo iliyokuwa inalala, mwaka mzuri na mwaka mbaya tukiichanganya. Na wale wa Mombasa walikuwa wamepata laki sita hizohizo. Tofauti ilikuwa kwenye swali la pili, lile la gharama ya mtaji: mtu anayeweka pesa yake hapa, badala ya kuiweka kwingine, anataka arudishiwe asilimia ngapi kila mwaka ndipo moyo wake utulie?

Hilo swali nalo nililijifunza vibaya, na aliyeniumizia kichwa ni mama yako mdogo, Mghoi wa Rukanga, kule Kasigau.

Mtaji wa hii kampuni ulitoka sehemu mbili. Sehemu moja ni mkopo wa chama cha akiba, wenye riba. Ule niliulipa kwa hofu, kila mwezi, hata mkiwa wagonjwa nililipa kwanza. Sehemu ya pili ni Mghoi aliyeuza ng'ombe wake akanipa pesa yote mkononi, akasema, "Chukua, dada. Ukiinuka utanikumbuka." Mimi nikaiandika moyoni kuwa ni pesa ya bure. Haina riba, haina tarehe, haina barua za vitisho. Miaka ikapita. Nikainuka kiasi changu, na sikumkumbuka. Nilimpelekea sukari na khanga, nikadhani tumelingana.

Halafu ndovu wakaingia shamba lake. Uliona mwenyewe lile shamba baadaye: mahindi yamelazwa yote, tangi limetobolewa, mipapai imeng'olewa. Siku chache baadaye akaja hapa Voi, akaketi hapo karibu na mlango. Akazungumza habari za kanisa. Akauliza habari zako. Akanisaidia kubandika lebo kwenye chupa, tena kwa unadhifu kuliko wale ninaowalipa. Jioni akapanda gari akarudi Rukanga. Baba yako ndiye aliyeniambia, "Shemeji alikuja kuomba karo ya mtoto. Nimemwona alivyokuwa akikunja na kukunjua leso." Mimi nilikuwa nimeshinda naye na sikuona kitu.

Wakesho, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Wa riba nilimlipa kwa sababu alipiga kelele. Wangu wa damu, kwa kuwa alinyamaza, nikamfanya kuwa bure. Ng'ombe wake wangekuwa wamezaa na kuzaa. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya pesa yake, ndama ambao hakuwapata, na sikuwahi kuwaweka kwenye hesabu. Siku hizi anapata sehemu yake kila mwaka kabla yangu, na anajua ni haki yake, haji kukunja leso tena. Lakini ile jioni aliyopanda gari bila kuomba hairudi.

Sasa rudi kwenye ndovu, maana hapo ndipo hasira yangu inapolala.

Baada ya lile shamba, Mghoi hakuhama. Watu walimwambia ahame, akasema kaburi la mama yetu haliwezi kubebwa. Akaazima waya, akaazima mizinga, akazungushia shamba zima uzio wa mizinga, mmoja hapa, mwingine pale, yote imeunganishwa kwa waya ili ndovu akigusa mmoja nyuki wote waamke. Na ndovu, na ukubwa wake wote, hapendi nyuki puani. Majirani wakamcheka, kisha wakaona mahindi yake yamesimama, wakaja kuazima waya kwake. Leo ukishuka njia ya Rukanga unaona mizinga imening'inia mpaka huko mbele. Na asali ya mizinga yote hiyo inaletwa wapi? Hapa. Kabla ya ndovu nilikuwa nanunua asali ya kuokoteza. Baada ya ndovu ndipo nikapata kampuni.

Yule kijana wa Mombasa aliyeandika ile tathmini hakufika Rukanga. Najua, kwa sababu nilimpa lifti mpaka mahali lami inapoishia, akatazama ile barabara, akasema picha zinamtosha. Akaenda kuandika hivi: biashara ndogo kama hii mtu atataka asilimia ishirini. Halafu akaongeza kumi. Kwa nini kumi? Mstari wenyewe ulisema, kwa sababu mashamba yanayotoa asali yako njia ya ndovu. Ikawa thelathini.

Wewe ndiye uliyenionyesha hiyo kumi inafanya kazi gani. Laki sita kila mwaka, mtu anayeridhika na asilimia ishirini atainunua kwa milioni tatu, maana laki sita ndiyo asilimia ishirini yake. Anayetaka thelathini atalipa mbili. Asali haijapungua hata tone. Nyuki ni walewale. Milioni nzima imeondoka kwa sababu mtu aliogopa vumbi. Na unajua kilichoniuma? Amewaogopa ndovu ambao ndio walionipa mizinga. Siku ndovu wakiisha Kasigau, nani atahangaika kufunga mzinga kwenye waya? Kama ni kuwaandika ndovu, angewaandika upande wa kuongeza thamani.

Sisemi hakuna hatari. Ukame upo, na mwaka ambao maua hayatoki nyuki huhama bila kuaga. Hilo aliweke, sitabisha. Lakini aweke hatari iliyopo. Ile asilimia si kitu kinachoshuka kutoka mbinguni. Mtu huketi mahali akaamua anaogopa nini na kwa kiasi gani, kisha akaupa woga wake namba, na ikishaandikwa hakuna anayeuliza tena. Wewe kuanzia wiki ijayo ndiye utakayekuwa unaiandika. Kuna mama mwingine, wa kahawa au wa viatu au wa vifaranga, atakayelala na namba yako. Fika mpaka Rukanga yake. Barabara ikiwa mbaya, vaa viatu vibaya.

Haya. Nimemsema kijana wa watu vya kutosha, sasa nije kwako, na kwangu.

Mchana leo ulipokuwa unapitia karatasi zao mara ya mwisho, ukasimamisha kijiko. Ukasema, "Mathe, hii hesabu yao ina shimo. Mshahara wako uko wapi?" Nikakwambia mimi sijilipi, mimi ndiye mwenyewe. Ukasema, "Hapo mahali pa meneja wameacha sifuri, kwa sababu vitabu vyako vina sifuri. Lakini wakinunua, watamwajiri mtu afanye kazi yako. Elfu thelathini kwa mwezi, hiyo ni chini kabisa. Toa hiyo kwa mwaka, laki sita inabaki laki mbili na arubaini elfu. Kwa asilimia yao thelathini, kampuni ni laki nane, Mathe. Laki nane. Na wao wanakupa milioni mbili." Macho yako yaling'aa. Halafu ukasema yale maneno, chukua kabla hawajaona.

Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya ujanja. Hapana. Mimi nimeuza vitu Voi maisha yangu yote, si malaika. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa sahihi. Miaka yote hii nimekuwa nikijisifu kwa pesa iliyolala, na iliyolala ilikuwa jasho langu. Nilimfanya Mghoi bure, nikaona aibu, nikamlipa. Mimi mwenyewe nikaendelea kuwa bure, na sikuona hata aibu, niliona ni bidii. Mtoto niliyemlipia karo ndiye aliyeniambia kwamba kwenye kampuni yangu mimi ni sifuri, na alisema akitafuna maharagwe. Ndiyo maana niliacha sahani.

Nilitembea mpaka hapa nikifoka peke yangu barabarani. Yule mama wa nyanya aliniuliza kama kuna msiba. Nikafika, nikaketi juu ya hii ndoo, nikampigia simu mkubwa wa wale wa Mombasa.

Ndiyo. Nimewaambia.

Nikamwambia, "Kwenye hesabu yenu mmesahau mtu." Akauliza nani. Nikasema, "Mimi. Mahali pangu mmeweka sifuri. Weka elfu thelathini kwa mwezi, halafu unipigie." Kisha nikamwambia habari ya ndovu, yote, mpaka waya. Alinisikiliza, kwa hilo namsifu. Akasema atanirudia. Amenirudia baada ya muda kidogo, sauti imekuwa ya huruma, akasema kwamba kwa hali hiyo ofa yao sasa ni laki nane, na ndovu kwa sera yao wanabaki palepale. Nikamwambia asisumbuke kuja kesho. Akasema, "Mama, ulikuwa na milioni mbili mkononi." Nikamwambia najua zilikuwa wapi.

Najua ukifika hapa utashika kichwa. Utasema mama amechoma milioni mbili kwa simu moja. Acha niseme ukweli: sikuwaambia kwa ajili ya utakatifu. Niliwaambia kwa kiburi. Kama ningechukua zile milioni mbili kimyakimya, ningekuwa nimekubali na mimi mwenyewe niende bure, nifungwe pamoja na ndoo na mashine, na hakuna mtu katika ule mkataba ambaye angejua kwamba kulikuwa na mwanamke hapa aliyekuwa akifanya kazi. Nilitaka mtu mmoja aniweke kwenye hesabu, hata kama bei itaanguka. Imeanguka. Na mimi nimo ndani yake.

Na usidhani nimepiga hesabu ya hasira tu. Kwa asilimia ishirini, ambayo mimi naiona ndiyo haki, laki mbili na arubaini inakuwa milioni moja na laki mbili. Hiyo ndiyo thamani ya kampuni ya mama yako leo, mama akiwa amelipwa. Naipenda namba hiyo. Ni ndogo lakini haidanganyi mtu. Na mwezi huu napandisha bei kwa zile hoteli, maana miaka yote nilikuwa nikiwauzia asali na nguvu zangu kwa bei ya asali peke yake. Atakayekataa, akakamue mwenyewe. Mwaka ujao tutapiga tena, na mizinga ya Rukanga itakuwa imeongezeka. Utakuja na kompyuta yako tuone.

Nitakukosa sana, Wakesho. Sikulisema mezani kwa sababu tulikuwa tunagombana, na kabla ya hapo sikulisema kwa sababu sisi watu wa kwetu tunaonyesha kwa chakula. Nyumba itakuwa kubwa. Baba yako ataniuliza jioni imelala ngapi, na sasa nitamjibu namba ndogo kuliko ile aliyozoea, na itabidi nimweleze, na hatakuwepo wa kunisaidia kumweleza. Ubishi wako nautaka huko uendako. Bishana na wakubwa wako kama ulivyobishana na mimi, ila uache watu wamalize chakula.

Ndani ya bahasha hii utakuta elfu thelathini. Usimwambie baba yako, atasema ni nyingi mno kwa mtu anayeenda kuajiriwa. Usifikirie nimezikopa, na usifikirie nimezitoa kwenye pesa iliyolala. Nilipokata simu na wale wa Mombasa, nilifungua kitabu cha kampuni, pale mahali pa meneja nikaifuta ile sifuri, nikaandika jina langu lote, nikatia sahihi kuwa nimepokea.

Ni mshahara wangu wa kwanza. Nimeamua kuutumia nipendavyo.

Mama yako,
Mkamburi, meneja